Wazee na Watoto katika Njia za Mji

Somo: Zakaria 8:4-5



Nabii Zakaria alihubiri wakati Wayahudi walipokuwa wamerudi kutoka Babeli. Walikuwa wachache, na Yerusalemu ulikuwa ungali magofu. Aliwaahidi kwamba Mungu ataujaza mji ule tena. Je, alitoa dalili gani? Hakutaja askari wala matajiri. Aliwaona vikongwe, wanaume kwa wanawake, wameketi nje na fimbo zao, na mbele yao watoto wanacheza bila hofu.

Basi mbele za Mungu mji haupimwi kwa wingi wa watu peke yake. Hupimwa kwa jinsi wanavyokaa humo wasio na nguvu: yeye aliyekwisha kuchoka, na yeye ambaye bado hajakua.

Tuutazame mji wa Dar es Salaam. Katika hesabu ya watu ya 1967 wakazi wake hawakufika 400,000. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, na mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Kwa miaka kumi tu wameongezeka zaidi ya 1,000,000. Wengi wamezaliwa huko huko, lakini wengi pia wameingia kutoka mikoani, tena katika umri wa kufanya kazi. Kwa sababu hiyo jiji limejaa katikati: vijana na watu wazima ni wengi, wazee ni wachache. Katika Tanzania nzima, watu zaidi ya 40 katika kila 100 hawajatimiza miaka 15. Jijini sehemu ya watoto ni ndogo kuliko mashambani, maana wazazi wa huko huzaa wachache, na wengine huwapeleka watoto wao kwa bibi.

Sisi wa Mbwara tunaliona jambo hili kwa upande wake wa pili. Zamani msafiri wa Dar es Salaam alingoja kivuko pale Ndundu. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, nasi tunamshukuru Mungu, kwa kuwa mgonjwa hupita na mazao hupita. Lakini vijana nao wamepita. Wako Mbagala, wako Temeke, na huku zimebaki ncha mbili. Ukipiga hodi, anayeitika ni bibi, na anayekuletea kiti ni mjukuu. Kuamia ndege na kulala dunguni kulinda nguruwe kumewaangukia wazee. Mtu akifariki, tunatafuta mikono ya kuchimba kaburi.

Wapenzi, wale waliojaa katikati ya jiji ndio waliopungua katikati ya nyumba zetu. Ni nyumba moja iliyokatwa vipande viwili.

Tusiwalaumu kwa kuondoka. Ruthu naye alihama kwao, wala Mungu hakumkataa. Lakini alihama pamoja na Naomi, mjane mzee, na masazo aliyookota shambani alimletea jioni. Obedi alipozaliwa, Naomi alimpakata na kumlea, hali Ruthu na Boazi wapo. Bibi alipewa furaha ya mjukuu. Hakuachiwa mzigo wake peke yake. Na katika nyumba hiyo ya watu wa rika tatu akatoka Daudi mfalme.

Basi tufanye nini?

Kwanza, anayesafiri aende na cheti chake cha ubatizo na barua ya Padre, apokelewe na Wakristo wa mtaa wa huko. Asipotee kama sindano katika mchanga.

Pili, aliyempeleka mtoto kwa bibi apeleke na chakula, na daftari, na uso wake mwenyewe. Wengine hunyamaza kwa aibu, kwa sababu jiji halikuwapa walichokifuata. Ndugu, mama yako hangoji fedha tu. Angoja kuisikia sauti yako.

Tatu, sisi tuliobaki tuwe mikono ya wasio na mikono. Umoja wa Mama, na vijana wachache tulio nao, tuwatembelee wazee kwa zamu, si kwa sala tu, bali kwa jembe na ndoo ya maji.

Nne, nanyi mlio jijini kumbukeni kwamba vijana wa leo ndio wazee wa kesho. Mtoto anayekuona ukimsahau mama yako anajifunza namna ya kukusahau wewe. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikuishia ng'ambo ya mto.

Tumwombe Mungu azifanye njia za Dar es Salaam na njia za Mbwara ziwe kama zile alizoziona Zakaria: mzee ameketi kwa amani, mtoto anacheza, na mwenye nguvu yupo karibu nao.

Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.