Nani Anaanua Matanga?

Chester Bennington alifariki Julai 2017. Septemba 2024 Linkin Park wakamtambulisha Emily Armstrong, na Novemba wakatoa albamu, From Zero. Mashabiki wakagawanyika. Wengine walifurahi, wengine wakasema ati ni usaliti, si wangebadilisha jina basi.

Hao wa pili nawaelewa. Sauti ya Chester ilituvusha usiku ambao hatukumsimulia mtu. Lakini uchungu haumpi mtu haki ya kuamuru. Wacha tukumbuke pia kwamba Chester mwenyewe aliingia 1999 kuchukua nafasi ya Mark Wakefield, bendi ikiitwa Xero.

Kwetu matanga yana siku ya kuanuliwa, na hakuna anayedhani siku hiyo marehemu amesahaulika. Walio hai wanarudi tu kazini. Mike Shinoda alimpoteza mtu aliyefanya kazi naye miaka 18. Mimi ninayo sauti kwenye simu, na nikibonyeza inaimba vilevile. Sasa kati yetu, nani aamue siku ya kuanua?

Bado siwezi kumsikiliza Emily akiimba nyimbo za zamani. Hiyo ni shida yangu, si yake.