Vita na Miti: Tuwafundishe Nini Vijana?



Vijana wetu wanajua kwamba vita huua watu. Tuwafundishe pia kwamba vita huua nchi. Miaka ya 1970, mbuga ya Virunga kule Kongo ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Wenye bunduki waliwawinda. Kufikia 2005 walibaki chini ya 1,000. Samadi yao hurutubisha Ziwa Edward, hivyo hasara ni ya wavuvi pia.

Mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi walifika Goma, wakakata msitu wa mbuga hiyo wapate kupika. Je, mama mwenye sufuria ana hatia sawa na mwenye bunduki? Hapana. Lakini kilima kilichokatwa miti hakiulizi sababu. Mvua ikija, udongo unakwenda.

Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza jeshi linalozingira mji kukata miti ya matunda. Ikiwa hata askari amewekewa mpaka vitani, sisi je? Tusiwaambie vijana kwamba shida huondoa wajibu. Tuwape miche, wapande hapa hapa ugenini. Siku ya kurudi, nchi yetu itahitaji mikono iliyozoea kupanda.

Bwana awabariki.