Karatasi Zimeshakusanywa. Je, Bado Tusali?



Vijana wenzangu, mtihani wa Kidato cha Sita uliisha Mei. Matokeo kwa kawaida hutoka Julai. Hapo katikati kuna wiki kadhaa ambazo hakuna mwalimu aliyetufundisha namna ya kuziishi. Wengine wako kambini JKT wanakimbia mchakamchaka alfajiri, wengine wako nyumbani wanasaidia dukani au shambani, na karibu wote tunaamka na wazo lile lile: sijui itakuwaje. Ukipita njiani jirani anakuuliza, "Vipi, matokeo bado?" Ukifungua simu, kuna grupu lina tetesi kwamba yanatoka kesho. Moyo unapiga, kumbe uongo mtupu.

Mimi ni mmoja wa hao. Nimesoma PCB. Ada yangu imechangwa na mama, baba mdogo na shangazi, na tangu nilipoingia Kidato cha Tano nyumbani hawaniiti tena kwa jina langu. Wananiita "Dokta". Wananiita kwa upendo kabisa. Lakini siku hizi nikilisikia hilo jina najisikia kama mtu aliyekopa na siku ya kulipa inakaribia.

Basi nasali. Na katika kusali huko limenijia swali ambalo najua si langu peke yangu: ninaomba nini hasa? Karatasi zilishakusanywa. Huenda leo usiku ninapopiga magoti, karatasi yangu ya Kemia imeshasahihishwa na alama imeshaingizwa. Wazee wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki. Sasa novena ya nini?

Tusilichukulie kama swali la kitoto. Ukilijibu vibaya kwa upande mmoja, unaacha kusali. Ukilijibu vibaya kwa upande mwingine, unageuza sala kuwa uganga.

Kuna sala ambayo haiwezekani

Tuanze na lisilowezekana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, aliuliza kama Mungu anaweza kufanya jambo lililokwisha kutokea liwe halikutokea. Akajibu hapana. Si kwamba Mungu amepungukiwa nguvu. Ni kwamba jambo lenyewe linajipinga: kitu hakiwezi kuwa kimetokea na hakijatokea kwa pamoja.

Kwa hiyo kama swali la nne uliliacha wazi, usimwombe Mungu alijaze usiku huu. Kama uliandika jibu fulani, usiombe ligeuke liwe jingine kabla msahihishaji hajafika ukurasa huo. Hapo unamwomba Mungu aliye Kweli atunge uongo kwa ajili yako. Na zile ahadi tunazozipenda, "Bwana ukinipa daraja la kwanza nitajiunga na kwaya", zina tatizo hilo hilo na jingine juu yake: zinamfanya Mungu kama mtu wa ofisini anayesubiri apewe chochote ndipo afungue faili. Mungu si Athumani, jamani.

Rozari ya bibi haikuchelewa

Je, basi tunyamaze? Hapana.

Bibi yangu hajui ratiba ya NECTA. Siku ya mtihani alijua tu kwamba mjukuu wake "ana pepa". Mtihani ulianza saa mbili asubuhi ukaisha saa tano. Bibi alisali rozari yake jioni kama kawaida, baada ya kutoka shambani, kuku wakiwa wameshaingia bandani. Kwa hesabu za saa alichelewa zaidi ya saa sita. Niambie wewe: rozari ya bibi ilipotea?

Imani ya Kanisa inatuwezesha kusema haikupotea. Sisi tunaishi siku moja baada ya nyingine, kama watu walio kwenye foleni. Mungu hayuko kwenye foleni. Jana, leo na kesho ziko mbele yake kwa pamoja. Ile asubuhi nilipokuwa nimekaa kwenye chumba cha mtihani nikitafuta kalamu, rozari ya jioni ya bibi ilikuwa mbele yake tayari. Tomaso huyo huyo anaeleza kwamba hatusali ili tubadilishe mpango wa Mungu. Tunasali ili tupate yale ambayo Mungu tangu milele alipanga yatolewe kwa njia ya sala. Sala ni sehemu ya mpango wenyewe, kama mvua ilivyo sehemu ya mavuno.

Hivyo madhali sijui matokeo, naweza kusema kwa unyofu: "Bwana, wewe uliyeijua sala hii siku ile, naomba uwe ulinishika mkono." Siombi yaliyopita yafutwe. Namwomba yeye ambaye wakati ule na wakati huu vyote ni vyake. Ile sala ya kwanza inataka yaliyopita yabadilike. Hii inamkabidhi Mungu yaliyopita yakiwa jinsi yalivyo.

Halafu kuna mambo ambayo hata kwa saa zetu bado hayajafungwa. Wako walimu waliokusanyika kusahihisha, wanasoma maandishi yetu mabaya kuanzia asubuhi hadi macho yanauma. Nimeanza kuwaombea. Naomba wasichoke, wawe waaminifu, wasimwonee mtu wala wasimpendelee mtu.

Nilipofika hapo ndipo nikagundua ninachokiogopa. Ukiombea msahihishaji awe mkweli, umeomba kwamba ukweli usemwe juu yako pia.

Mgonjwa wa kesho

Hapa ndipo panaponibana. Nataka udaktari. Nafasi za kusomea udaktari wa binadamu ni chache kuliko wanaoziomba, na ni haki ziwe na masharti. Siku moja mama fulani atamleta mtoto anayetapika na kuharisha, na atakayempokea lazima awe anajua kweli uwiano wa maji na chumvi mwilini. Yule mtoto hatasaidiwa na ukweli kwamba nilisali novena tatu nikapita kwa bahati.

Kwa hiyo siwezi kuomba tu "nipite". Nimelazimika kuomba hivi: nipate ninachostahili kwa kazi niliyofanya. Na kama bado sistahili, basi yule mtoto wa kesho asikutane nami kabla sijawa tayari. Nakiri ni sala ngumu kuitamka. Mara ya kwanza nilipoitamka sauti iligoma. Lakini tangu hapo nimepata usingizi, kwa sababu nimeacha kumtaka Mungu awe upande wangu dhidi ya ukweli.

Kuna jambo jingine la nafasi hizo chache. Nikipata mimi, yuko mwingine atakayekosa, na yeye pia ana bibi. Yesu alipotufundisha kusali hakutuwekea neno "yangu" popote katika Baba Yetu. Tunaomba riziki yetu, tunaomba tusamehewe sisi. Ukiisali vizuri huwezi kumwombea mwenzako mabaya ili wewe upite.

A moja, namba mbili

Sasa tuseme matokeo yametoka na si yale. Tunachoogopa zaidi ni kwamba ile alama itasema sisi ni nani. Angalia jambo hili. NECTA wakikokotoa daraja, A ni pointi 1 na F ni pointi 7. Ukijumlisha masomo matatu, pointi 3 mpaka 9 ni daraja la kwanza. Ndogo ndiyo nzuri. Ukienda kwenye vigezo vya TCU vya kuingia shahada, A hiyo hiyo ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Huko kubwa ndiyo nzuri. A ni moja, ofisi ni mbili, namba ni mbili. Namba ni chombo cha ofisi kufanyia kazi yake, na ni chombo halali. Ila haikuumbwa kupima mtu.

Na tukiwa hapo hapo: kiwango cha chini cha TCU kwa shahada ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. Maana yake hata D mbili zinaweza kukufungulia mlango wa chuo, ingawa si kila kozi. Nasema hivi kwa sababu hofu ina tabia ya kutuonyesha mlango mmoja tu na kutuambia kwamba kando yake kuna ukuta.

Kwenye jedwali la matokeo utaona namba ya mtihani, jinsi, pointi, daraja na alama za masomo. Jina lako halipo. Siku ya ubatizo ilikuwa kinyume chake: padre aliuliza jina, na kwa jina hilo ukamwagiwa maji. Nabii Isaya anasema Mungu ametuita kwa jina, nasi tu wake. Hakutuita Dokta. Nawapenda sana wanaoniita hivyo, lakini nikilikosa hilo jina nitabaki na lile la kwanza.

Walioomba kabla yetu

Mtatajiwa sana Mtakatifu Yosefu wa Kupertino, msimamizi wa wanaofanya mitihani. Inasimuliwa kwamba masomo yalimshinda, akaulizwa sehemu pekee ya Injili aliyoweza kuieleza, na kwenye mtihani wa upadre askofu aliridhika na wa kwanza akawapitisha waliobaki bila kuwauliza. Alipata upadre mwaka 1628. Tunapenda kisa hiki kwa sababu ya ile bahati. Lakini Yohane Maria Vianney naye alishindwa mtihani kwa sababu ya Kilatini, wala hakutokea askofu wa kumwepusha. Alirudi kujifunza taratibu na paroko wake, akapewa upadre mwaka 1815. Mmoja aliepushwa na mtihani, mwingine alipitishwa katikati yake. Wote wawili ni watakatifu. Kwa hiyo namna Mungu anavyojibu haituambii anampenda nani zaidi.

Mimi lakini nimemshika Teresa wa Mtoto Yesu, kwa sababu yeye alisubiri majibu ya kupokelewa kama sisi. Novemba 1887, akiwa na miaka 14, alifika mpaka Roma kumwomba Baba Mtakatifu Leo XIII aruhusiwe kuingia Karmeli. Akajibiwa kwamba ataingia Mungu akipenda. Akarudi nyumbani bila ndiyo wala hapana. Noeli ikapita kimya. Ruhusa ya askofu ilimfikia mwanzoni mwa 1888, na hata hapo akaambiwa angoje mpaka Kwaresima ipite. Aliingia tarehe 9 Aprili. Anasimulia kwamba alishawishika kuishi ile miezi mitatu kwa ulegevu, kisha akaona thamani ya muda ule. Akaujaza mambo madogo: kuzuia ulimi usijibu, kutoa huduma ndogo bila kuonekana.

Hayo tunaweza. Kumjibu jirani vizuri anapouliza kwa mara ya kumi. Kuosha vyombo bila kuambiwa. Kumpigia rafiki ambaye unajua anaogopa kuliko wewe. Kutosambaza tetesi za matokeo, maana kila tetesi ni moyo wa mtu unaorushwa. Na kuamua sasa hivi, kabla ya Julai, nitamwambia nini mwenzangu akipata chini yangu, na nitamwambia nini akipata juu yangu.

Yesu mwenyewe Getsemani aliomba waziwazi kikombe kimwepuke. Hakuona aibu kuomba, nasi tusione aibu. Kisha akaweka mapenzi ya Baba juu ya ombi lake. Kikombe hakikuondolewa, na hakuna Mkristo anayesema kwamba sala ile haikusikilizwa. Mtume Paulo, akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, anawaambia wasijisumbue bali wamjulishe Mungu haja zao pamoja na shukrani. Ukisoma mstari unaofuata utaona anachoahidi. Haahidi kwamba kila haja itatimizwa kama ilivyoombwa. Anaahidi amani, na kwamba amani hiyo italinda mioyo yetu kama askari mlangoni.

Tusali basi, karatasi zikiwa zimeshakusanywa.

Ee Bwana, ulikuwepo nilipoandika, upo yanaposahihishwa, utakuwepo nitakapofungua ukurasa ule. Wape wasahihishaji macho mazuri na moyo wa haki. Unipe kilicho cha kweli. Kikiwa kitamu, nisimdharau mtu. Kikiwa kichungu, nisikukimbie. Uwafariji walionichangia ada kwa namna utakayoijua wewe. Na wenzangu wote wanaosubiri usiku huu, kambini na majumbani, uwalaze salama. Amina.

Swali la kutafakari wiki hii: Je, naweza kumwomba Mungu ukweli juu yangu usemwe, na nikamaanisha?