Asali ya Manuka na Wana Wetu Wachanga

Ndugu zetu Waislamu, katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa asali ina ponyo kwa watu. Lakini baadhi ya wafasiri wametanabahisha kuwa hakusema ni ponyo la kila maradhi.

Asali ya manuka, itokayo New Zealand, yasifiwa sana, na bei yake si ya masikini. Nguvu yake ya kuua vijidudu yatokana zaidi na methiligliyoksali, kama walivyobainisha wataalamu wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2008. Mahospitalini hutiwa majerahani iliyosafishwa kwa mionzi; ya dukani ni ya kula. Wajipakao kuondoa chunusi, dalili yao ni dhaifu.

Linalotusikitisha ni kumlambisha asali mwana aliyezaliwa leo, na mwenye mali kumtafutia manuka, akidhani ya ghali haina dhara. Asali yoyote yaweza kuwa na mbegu za botulizimu. Tumbo la mtu mzima huzishinda. Mtoto asiyetimiza miezi 12 huweza kulegea viungo, hata pumzi zikamkatika. Tahniki aliyoifanya Bwana Mtume (S.A.W.) ni ya tende iliyotafunwa. Basi asali hii kwa mchanga, ni nani aliyetufaradhishia?