Ramadhani 17: Pauni ya Watu



 Leo zamu ya kuandika imeniangukia mie, na uanazuoni wa kukupa sina. Nina kisa cha sarafu moja na swali lililonikaa kooni tangu mwaka juzi. Usisome ukiwa jikoni, sambusa zitaungua.

Swali ni hili. Ukiokota kitu cha mtu, umekitafuta kwa jasho lako, hakuna aliyekuona, na mwenyewe humjui, unadaiwa nini? Najua jibu liko mdomoni mwako: unatangaza. Nami nilijibu hivyohivyo. Ngoja nikueleze nilivyotangaza.

Wewe uliye huku Uingereza umeshaona kwamba mzee wa Kiingereza akistaafu hakai barazani kupiga soga. Jirani yangu ana miaka 70 na ushei, na kazi yake ni kutembea mashambani na detekta, ile mashine ya kutambua metali ardhini. Ni ndugu ya kile kijiti ambacho askari anakupitishia mwilini kabla hujaingia benki. Ina fimbo ndefu, na chini yake sahani yenye waya zilizoviringishwa. Umeme ukipita kwenye waya, sahani inatoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikuta metali, ile metali nayo inajibu kwa sumaku yake kidogo, na wewe unasikia mlio masikioni. Siku moja mzee akaniambia, "Twende, utapunguza tumbo." Nikaenda.

Nilidhani ni kazi ya kuchimba. Kumbe ni kazi ya kusikiliza. Siku ya kwanza alininyima hata kijembe. Nilitembea tu na sahani, kushoto na kulia, polepole, sambamba na ardhi, kila mpito ukipanda kidogo juu ya mpito uliotangulia. Kosa langu lilikuwa la mtu aliyezoea kufyeka: nikifika mwisho wa mkono, sahani naiinua. Ukiiinua, inaacha kuona kilicho chini zaidi. Mzee alikuwa akinigonga mkono kama mwalimu wa madrasa.

Halafu milio. Chuma kina mlio mzito, kama mtu anayekoroma. Fedha na shaba zina mlio mwembamba, wa juu. Tatizo liko katikati. Hapo ndipo zinapoangukia pete nyingi za dhahabu, pamoja na vidude vya kufungulia makopo ya soda na karatasi za aluminiamu za chokoleti. Mashine haijui tofauti. Ina kitufe cha kuiambia inyamaze ikikuta takataka za namna hiyo, na mwanafunzi mvivu kama mie alikipenda sana. Mzee akanikataza. Ukiinyamazisha kwa takataka, alisema, umeinyamazisha na kwa dhahabu. Kwa hiyo tulichimba vidude vya soda, wallahi, ningeweza kujaza ndoo.

Na kuchimba kwenyewe kuna adabu. Kwanza ruhusa ya mwenye shamba, bila hiyo humo huingii. Unakata majani pande tatu, unayafunua kama kifuniko, udongo unauweka juu ya kitambaa, kisha unaurudisha wote na kukanyaga. Mkulima akipita kesho asijue ulipochimba. Kila tutakachopata anaonyeshwa, na chenye thamani tunagawana nusu kwa nusu. Hayo tulipeana mikono.

Tukipumzika kwa chai ya chupa, mzee alipenda kusimulia habari za Hoxne, kijiji cha Suffolk. Mwaka 1992 mkulima mmoja wa pale alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake Eric Lawes, mstaafu mwenye detekta, aje amtafutie. Lawes akaja kutafuta nyundo ya mwenzake, na mashine ikalia juu ya hazina ya Warumi. Alitoa vijiko vya fedha, mapambo ya dhahabu, sarafu, kisha akaacha. Aliona kilicho chini ni kikubwa kuliko yeye, wakatoa taarifa, na kesho yake wataalamu wakaja kuchimba. Zilipatikana sarafu 14,865, zilizozikwa mwanzoni mwa karne ya 5. Vijiko 10 vimeandikwa jina moja, Aurelius Ursicinus. Serikali ilimlipa Lawes pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima. Na nyundo nayo ilipatikana! Iko British Museum mpaka leo.

Kuna na kisa cha pili, ambacho mzee hakupenda kukisimulia. Mwaka 2015, karibu na Leominster, watu 2 walipata hazina ya zama za Waviking. Sheria ya mwaka 1996 inataka utoe taarifa ndani ya siku 14. Wao wakanyamaza, wakaanza kuuza. Inakadiriwa sarafu zilikuwa kama 300, na hadi wanahukumiwa zilikuwa zimerudi 31 tu. Polisi walichukua simu zao wakazirudisha picha zilizofutwa, na hazina ikaonekana nzima. Mwaka 2019 walifungwa jela. Majina yao yamo magazetini, lakini tumefunga, tuwaache.

Nilisikia kisa hicho nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Watu wana tamaa bwana!

Ilikuwa Oktoba, mwaka juzi, kwenye uwanja wa farasi wa yule mkulima wetu. Mashine ikalia mlio wa katikati, huku haupo na kule haupo. Nikasema kidude cha soda hicho. Inchi 5 chini udongo ukafunguka, na kitu kikang'aa. Dhahabu haishiki kutu, inatoka ardhini kama ilivyoingia. Ilikuwa pauni.

Nyie wa pwani pauni mnazijua. Zile za dhahabu, mfalme upande mmoja na upande wa pili mpanda farasi anaua joka, ambazo bibi zetu walizivaa shingoni siku za harusi na siku za shida wakaziuza moja moja. Hii nayo ilikuwa ya kuvaa: imezungushiwa fremu, na kipete cha kupitisha mkufu kimekatika. Kwenye fremu kuna maandishi yaliyochongwa. Maandishi hayo sikuambii, wala mwaka wa sarafu sikutajii. Sababu utaiona mbele.

Mzee alikuwa mwisho kabisa wa uwanja, amenipa mgongo, masikio yamefunikwa. Nikaitia mfukoni. Nikafukia shimo vizuri, vizuri kuliko siku zote. Njiani akaniuliza nimepata nini, nikamwonyesha vifungo viwili na peni ya zamani. Sikusema uongo, siyo? Vifungo vilikuwepo kweli.

Ilikaa miezi kwenye droo ya dawa. Na mtu akiwa na kitu kwenye droo, elimu inamjia. Nikakumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) alisema katika rikazi, hazina iliyozikwa, kuna moja ya tano ya kutoa. Sarafu peke yake, bila fremu, ni gramu 8 kasoro kidogo. Nikapiga hesabu, moja ya tano ni kama gramu 1.6. Ningetoa, na zilizobaki zingekuwa halali yangu, tena kwa dalili. Nikaona raha, lakini raha ya mtu asiyetaka kumuuliza sheikh.

Nilipomuuliza, nikijifanya nauliza kwa niaba ya rafiki, aliniangalia kidogo. Akasema rikazi ni mali waliyozika watu wa zama za kabla ya Uislamu. Ile ya Hoxne ingeingia katika mjadala huo, maana mwenyewe amekufa miaka 1,600 iliyopita. Lakini kitu cha juzi, kilichomdondoka mtu ambaye yeye au watoto wake huenda bado wako hai, hicho ni luqata. Jasho lako la kutafuta halibadilishi jina lake. Mwambie rafiki yako, akasema, atangaze mwaka mzima.

Hadithi yenyewe ameipokea Zaid bin Khalid (r.a.), na iko kwa Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu kilichookotwa, akaelekeza kwanza kukijua chombo chake na kamba yake, kisha kukitangaza mwaka mmoja. Tazama mpangilio huo. Alama unazishika wewe moyoni, tangazo unalitoa hadharani, na anayekuja ndiye akuambie alama. Ndiyo maana maandishi ya fremu nimekuficha. Na Ubayy bin Kaab (r.a.) aliokota mfuko wa dinari 100. Akatangaza mwaka, akarudi, akaambiwa atangaze tena. Akarudi, akaambiwa tena.

Mwaka jana, usiku wa 21 baada ya tarawehe, sikulala. Asubuhi nikaenda kwa mzee nikamwambia yote. Alinyamaza muda mrefu, akaangalia chini, kisha akaniuliza, "Shimo ulifukia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi," akavaa koti twende kwa mkulima. Mpaka leo hajanikumbusha, na hilo linaniuma kuliko angenitukana.

Mkulima aliigeuza mkononi, akasema si ya ukoo wake. Ila uwanja ule, alisema, zamani kila kiangazi ulifanyiwa sherehe ya kijiji, watu wote walikuwa wakijaa pale. Akaniambia nitangaze, akikosekana mwenyewe tutagawana. Polisi nao nikawapa maelezo.

Sasa sikiliza nilivyotangaza. Nilichukua kijikaratasi kidogo cha kuandikia risiti. Nikaandika: kimeokotwa kitu, piga namba hii. Nikakibandika kwenye ubao wa duka la kijiji, chini kushoto, kati ya paka aliyepotea na mtu anayeuza kabati. Kitu! Nani aliyewahi kupoteza "kitu"? Mtu hupoteza mkufu wa mama yake.

Na ubao mkubwa ulikuwepo. Uko kwenye ukumbi wa kanisa, ambako kila Jumatano akina mama wazee wa kijiji hukutana kunywa chai, hao hao waliokuwa wasichana enzi za zile sherehe. Mkulima alinitajia. Nikajiambia, mie Mwislamu na kofia yangu, nikafanye nini kanisani? Wanavyuoni wanasema kitangazwe mahali kilipopotea na mahali watu wanapokusanyika, milangoni mwa misikiti, sokoni. Kijiji kile hakina msikiti. Watu wake wanakusanyika pale. Nililijua hilo, nikaliacha lipite.

Mwaka mzima simu ilinilia mara moja tu kwa namba nisiyoijua. Moyo ulinishuka mpaka tumboni. Nikapokea, kumbe ni mtu anauza bima ya gari. Nikashusha pumzi, ah! Kisha nikajisikia nilivyoshusha pumzi. Nimesimama jikoni, simu mkononi, ninamshukuru Mungu kwamba mwenye mali hakupatikana.

Unakumbuka kisa cha yule aliyenunua shamba akakuta mtungi wa dhahabu? Mtume (s.a.w.) alikisimulia. Mnunuzi akamrudishia muuzaji, kwamba yeye alinunua ardhi, dhahabu hakununua. Muuzaji naye akakataa, kwamba aliuza ardhi pamoja na vilivyomo. Wakaenda kuamuliwa, kila mmoja anausukuma mtungi kwa mwenzake. Mwamuzi akawauliza kama wana watoto, mmoja ana mvulana, mwingine msichana, akasema waozeshwe, watumie humo na watoe sadaka. Tangu utoto nilikiona kisa kizuri tu cha kuwasimulia watoto. Sikuwahi kufikiri kuwa mtu anaweza kukisoma akajikuta yeye ndiye wa tatu, asiyetajwa, anayeuvuta mtungi kwa chini ya meza.

Zimebaki siku 4 mwaka wangu utimie. Kwa hesabu ya kalenda, usiku wa 21 nina haki ya kusema nimetangaza na hakuja mtu, na mie na mkulima tugawane, tukibaki na deni iwapo mwenyewe atatokea. Kwanza nilitaka kumuuliza sheikh kama mwaka wa namna hiyo unahesabika. Nikaona aibu. Nilikuwa najua ataniuliza niliandika nini kwenye ule ukaratasi.

Jumamosi iliyopita niliandika upya, karatasi nzima, herufi kubwa: imeokotwa sarafu ya dhahabu ya kuvaa shingoni, kwenye uwanja wa farasi palipokuwa pakifanyika sherehe ya kijiji, mwenyewe aje aeleze ilivyo. Nikaenda nayo kwenye ukumbi wa kanisa, na kofia yangu kichwani. Bibi mmoja akafungua mlango. Akavaa miwani, akasoma, akarudia tena kusoma. Akauliza ilipotea lini, nikasema sijui, labda zamani sana. Akasema wapo watakaokumbuka. Kisha akautazama ubao, akaondoa matangazo mawili ya katikati, akaenda kutafuta pini kubwa zaidi.

Mkulima nimeshamwambia kwamba mwaka nimeuanza upya. Alicheka, akasema yeye hana haraka. Namba niliyoandika ni ya simu hii hii ninayokuandikia. Mwaka mzima niliiacha kimya, kwa kisingizio cha kazi. Tangu Jumamosi nimeiwekea mlio, hata usiku.