Kumkabili Rafiki Aliyezidiwa na Pombe

Kumkabili rafiki ni kumgeukia uso kwa uso na kumwambia jambo ambalo yeye angependa libaki bila kusemwa. Kiswahili kina maneno kadhaa yaliyo jirani na tendo hilo, na kila moja humweka msemaji mahali pake. Anayeonya anazungumzia hatari iliyo mbele. Anayekanya ana mamlaka, kama mzazi kwa mtoto. Anayenasihi hutoa shauri, uamuzi akamwachia mwenyewe. Anayesuta huja na ushahidi, na mara nyingi huja na watu, ili mwenye uongo aumbuke mbele yao. Mtu anayetaka kuzungumza na rafiki yake juu ya pombe huchukua kidogo kutoka kila upande bila kuwa na kiti chake popote. Kwa hiyo yapo mambo mawili ya kuchunguza: anasema kwa haki gani, na anachokisema ni kitu cha namna gani.

Mambo hayo huonekana vizuri mahali ambapo pombe na urafiki vimefumwa pamoja, kama Nchelenge, kwenye mwambao wa Zambia wa Ziwa Mweru, mkabala na Kongo. Huko na katika nchi ya Wabemba kwa jumla iko katubi, pombe ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto chunguni na kunyonywa kwa mrija. Maji yakipungua huongezwa mengine, na mrija huenda kwa mwenzako. Mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyeishi miongoni mwa Wabemba miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1939 jinsi pombe ilivyobeba heshima kwa wakubwa, ukarimu na malipo ya kazi ya pamoja. Kwenye chungu cha namna hiyo hakuna anayehesabu vikombe, kwa sababu vikombe havipo. Kujitoa kwenye chungu ni kujitoa kwa watu.

Lakini katubi si pombe pekee. Kuna kachasu, pombe kali ya kukeneka isiyoruhusiwa na sheria, ndugu wa gongo ya Tanzania na chang'aa ya Kenya. Ng'ambo ya ziwa, Katanga, mwenzake huitwa lutuku. Wapishi wengi wa kachasu ni wanawake, na fedha yake hununua sare na madaftari ya shule. Zaidi ya hapo, upande wa Zambia kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Kwa miezi mitatu nyavu hukaa nchi kavu, na mikono iliyozoea kuvuta kamba hukosa cha kushika.

Katika mazingira hayo, neno "kupindukia" halina mstari uliochorwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1989 dodoso la maswali kumi la kupima unywaji, na wahudumu wa afya hulitumia hadi leo. Rafiki hahitaji dodoso. Yeye huona mwelekeo ulivyogeuka: zamani mwenzake alikunywa ili akae na watu, sasa anakaa na watu ili anywe, na baadaye hata watu hawahitaji tena. Zambia iliwahi kuona mgeuko huo katika umbo la kitu. Tujilijili, vifuko vidogo vya plastiki vyenye pombe kali, vilipigwa marufuku Aprili 2012. Chungu kina mashahidi. Kifuko cha kutia mfukoni hakina, na aliyekizoea alikuwa amekwisha kujifunza kunywa peke yake. Marufuku iliviondoa vifuko. Mazoea hayo ya upweke hayakuwa kitu ambacho sheria ingeweza kukiondoa sokoni.

Je, mwenye kuzidiwa huwa hajui? Hapa wengi hukosea tangu mwanzo. Huenda kwa rafiki kana kwamba wanapeleka habari. Aristotle, katika kitabu cha saba cha maadili yake yanayoitwa ya Nikomako, alichambua hali ya mtu anayejua lililo jema na bado akafanya kinyume chake kwa kushindwa na nafsi yake. Alimlinganisha na mtu aliyelewa au aliyelala: ujuzi anao, lakini kwa wakati ule haumfikii mkononi. Mama anayeamka alfajiri na kuficha chupa kabla watoto hawajafungua macho hahitaji kuambiwa kwamba anakunywa sana. Kule kuficha ni ushahidi kwamba anajua. Anachokosa ni mtu wa kulijua pamoja naye.

Swali la haki ndilo zito zaidi, na bonde la Luapula, mto unaoingia Ziwa Mweru, lina majibu yake ya zamani. Wengi huko huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake. Anaweza kukanya, na kukanya kwake ni halali. Kuna pia banungwe, yaani watani wa ukoo. Ukoo wa Mamba na ukoo wa Samaki ni watani, kwa kuwa mamba hula samaki. Vivyo hivyo Chui na Mbuzi. Mtani anaweza kumtangaza mtu kuwa mlevi katikati ya msiba, watu wote wakiwepo, na aliyesemwa hana ruhusa ya kukasirika. Anayeujua utani wa makabila Tanzania bara ataitambua sheria hiyo mara moja. Ni ustaarabu mkubwa: jamii imetenga watu wa kusema lisilosemeka. Hata hivyo ruhusa hiyo ina bei yake. Neno lililotoka na kicheko linaweza kupokewa na kicheko, na likaishia hapo. Kicheko humfungua msemaji mdomo na papo hapo humpa msikilizaji mlango wa kutokea.

Kanisa nalo lina sauti, na makanisa kadhaa humwondoa mlevi kwenye ushirika mpaka atubu. Mjomba, mtani na mchungaji wote husema kwa cheo. Wasiposikilizwa, cheo kinabaki.

Rafiki hana cheo, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Akisema, anaweka rehani kitu pekee kinachompa nafasi ya kusema, yaani urafiki wenyewe. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, aliandika insha ndefu juu ya namna ya kumtambua mwenye kujipendekeza na rafiki wa kweli, na alama moja aliyoitilia mkazo ni uwezo wa kusema wazi bila kutafuta kumpendeza msikilizaji. Mtu asiye na faida katika kusema, na mwenye hasara kubwa akikataliwa, anastahili kusikilizwa kwa namna ambayo cheo hakiwezi kuidai.

Kutokana na hilo inajulikana pia kitu gani anapaswa kusema. Hakimu hutoa hukumu. Rafiki ana ushahidi. Maneno "wewe ni mlevi" ni hukumu, na hukumu hukaribisha utetezi. Chukua wanawake wawili wanaoanika chisense, dagaa wa Mweru, kwenye mchanga wa Kashikishi, hukohuko Nchelenge. Mmoja ana mikono inayotetemeka asubuhi, na akimimina kutoka kwenye ndoo nusu humwagika nje ya turubai. Mwenzake anaweza kumwita mlevi. Anaweza pia kuketi karibu naye na kusema, "Mwenzangu, Jumanne mvua ilinyesha juu ya mzigo wako nami nikakuita mara tatu, hukuamka. Niliogopa umekufa." Katika maneno hayo hakuna jina baya hata moja. Mna siku, mna mvua, mna hofu ya mtu mmoja kwa mwingine, na hofu hiyo haiwezi kubishiwa kwa sababu si tuhuma.

Uzoefu wa tiba unakubaliana na jambo hili. Mwaka 1993 William Miller na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wao wa mazungumzo ya washauri na watu wenye tatizo la pombe: kadiri mshauri alivyombana mteja na kupambana naye, ndivyo mteja alivyokunywa zaidi baadaye. Karne tisa kabla yake, mwanachuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, akieleza haki za udugu, alisisitiza kwamba nasaha itolewe faraghani, kwa sababu ikitolewa mbele ya watu hugeuka kuwa fedheha. Kwa hiyo kusuta hakufai hapa, hata kama kila neno ni kweli. Wala saa ya ulevi haifai. Mazungumzo yaliyofanyika wakati huo asubuhi hayapo.

Wapo watakaosema kunyamaza ni heshima, kwamba mtu mzima ana maisha yake na aibu yake isitiriwe. Sitara ni jambo jema, lakini itazamwe inamsitiri nani. Inapomkinga mtu na macho ya mtaa, inamlinda yeye. Inapomzuia hata rafiki yake wa ndani asimseme wakiwa wawili, inailinda pombe. Na kuhusu uhuru, John Stuart Mill mwenyewe, mtetezi wake mkubwa, aliruhusu katika kitabu chake cha mwaka 1859 kumsihi na kumshawishi mtu anayejidhuru. Alichokataa ni kumlazimisha.

Pingamizi gumu zaidi ni la rafiki aliyenyonya mrija uleule, au aliyempikia mwenzake kachasu na kupokea fedha yake. Huyo hawezi kuja na mikono misafi. Anaweza kuanza na sehemu yake mwenyewe: kiasi alichouza, siku alizocheka alipopaswa kuogopa. Ushahidi wa namna hiyo unapokelewa kwa urahisi zaidi, maana hautoki juu.

Upendo nao unaweza kudhuru usipokuwa na maarifa. Mwenye kunywa sana kila siku akiamrishwa aache ghafla anaweza kupatwa na degedege, na hata kuchanganyikiwa vibaya, ndani ya siku chache za kwanza, na wengine hufa. Sharti la "acha leo au tuachane" halifai kabisa kwake. La kumwambia ni kwamba watakwenda pamoja hospitali, na kwa mtu wa Kashikishi ile ya misheni ya Mtakatifu Paulo iko karibu.

Kuambizana kupo, kusikilizana hapana. Rafiki anaweza kusema vizuri, kwa saa inayofaa, na asisikilizwe. Aristotle aliuliza kama urafiki uvunjwe mmoja anapoharibika, akajibu kwamba maadamu anaweza kurekebika, kumsaidia tabia yake ni wajibu kuliko kumsaidia mali yake. Kwa vitendo, anayekataliwa anaweza kuacha kukopesha fedha ya kachasu na kuacha kumtungia mwenzake uongo kwa wateja waliokosa mzigo. Asubuhi inayofuata bado anaweza kutandika turubai lake mahali palepale, kando ya lile la mwenzake, hata kama siku hiyo hawasemeshani.