Haikuandikwa Kwamba Nabali Alimpiga



Fungueni Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 25. Tumezoea kuisoma sura hii kwa macho ya Daudi. Leo tuisome kwa macho ya mwanamke aliyekuwa ndani ya nyumba, Abigaili mke wa Nabali. Ni msimu wa kukata manyoya huko Karmeli. Nabali ana kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, karamu imeandaliwa, watu wanakula na kunywa. Daudi anatuma vijana kuomba chochote kilichopo, Nabali anawatukana na kuwafukuza, na Daudi anajifunga upanga na kushuka na watu 400. Hapo mtumishi mmoja anakimbia kutoa habari. Haendi kwa mwenye nyumba, anakwenda kwa mke. Sababu anaitaja mwenyewe katika aya ya 17: bwana wetu hasemezeki.

Abigaili akapakia punda mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kutengenezwa, bisi, zabibu na tini, akaondoka kumlaki Daudi. Hakumwambia mumewe. Aliporudi usiku akamkuta amelewa, akanyamaza mpaka kulipokucha. Tazameni jambo hilo kwa makini. Mwanamke ambaye Maandiko yenyewe yanamsifu kwa akili anaiokoa nyumba yake kwa kunyatia, kama anayeiba. Amekwisha kujifunza saa za mumewe: saa ya kusema, saa ya kunyamaza, saa ya kutoka nje kidogo mpaka upepo utulie. Sura nzima haina mahali palipoandikwa kwamba Nabali alimpiga, nami sitaongeza kisichoandikwa. Hata hivyo, nani kati yetu atasema kwamba nyumba ile ilikuwa na amani?

Nasema hivi kwa sababu huku Singida tumefanya kipigo kuwa kipimo pekee. Mama anakuja kwa wazee wa usharika, anakaa kwenye ukingo wa benchi, macho chini. Anaulizwa swali moja: amekupiga? Akisema hapana, wazee wanapumua. Anaambiwa ndoa ni kuvumiliana, anaombewa, anarudishwa. Ndugu zangu, swali lile halitoshi! Tumewarudisha binti zetu mikononi mwa watu wasiosemezeka kwa sababu tu hatukuona alama kwenye ngozi.

Twendeni Iramba, twendeni Ikungi, Mkalama, Manyoni, na hapa mjini tusijifiche. Alizeti imekauka. Mke ameilima, ameipalilia, ameipura mpaka viganja vimechubuka. Magunia yanapakiwa, mume anakwenda nayo kwenye mashine ya kukamua, anarudi kimya. Mke akiuliza bei anajibiwa, "Umeanza lini kunihoji?" Kuku wa kienyeji, hawa wanaoupa mkoa wetu jina, amewalea yeye toka vifaranga, lakini hawezi kumuuza hata jogoo mmoja anunue daftari la mtoto mpaka aombe ruhusa. Simu anayo, ila kila jioni inakaguliwa: nani kapiga, nani katuma pesa, huyu "Mama J" ni mwanamke kweli? VICOBA ameachishwa kwa kuwa kuna umbea. Kwaya ameachishwa kwa kuwa mwalimu wa kwaya ni kijana. Dada yake wa Kiomboi haji tena, maana kila alipokuja, moto uliwaka alipoondoka. Hakuna siku hata moja ambayo mambo haya yalitangazwa. Yaliingia moja moja, na kila moja lilikuja na sababu inayofanana na upendo.

Kisha anaanza kuchanganywa akili. Mume amesema neno mbele ya watoto, kesho anakana kulisema, na keshokutwa anamwambia mke aende akaombewe, ana mapepo. Ameficha hela, anamlaumu mke kwa kuzipoteza. Akilia, anaambiwa anajitia huruma. Akinyamaza, anaambiwa ana kiburi. Mwisho anaacha kuamini masikio yake mwenyewe. Na akitaja kuondoka, kuna maneno yaliyokwisha kuandaliwa: "Nenda. Watoto wanabaki, na ng'ombe wangu warudi." Mwanamume wa namna hii hahitaji fimbo. Ameshapata anachokitaka.

Evan Stark, mwanasosholojia wa Marekani aliyefanya kazi na wanawake waliokimbia nyumba zao, aliliandika jambo hili katika kitabu mwaka 2007. Alionyesha kwamba kinachoibwa katika nyumba za namna hii ni uhuru wa mtu, na kipigo, kama kipo, ni chombo kimoja tu kati ya vyombo vingi. Mwaka 2015 Uingereza ikafanya utawala huu wa vitisho kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5. Najua wapo watakaosema hayo ni ya Wazungu. Basi nawapeleka kwa majirani: Uganda tangu 2010, na Kenya tangu 2015, zina sheria za ukatili wa majumbani zinazotaja mateso ya kihisia na ya kiuchumi. Tanzania Bara bado hatuna sheria ya peke yake ya jambo hili, na ni haki tuidai.

Lakini tusijifanye hatukuambiwa kitu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotungwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Na inapotaja mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika, inataja ukatili wa mwili na ukatili wa akili pamoja, wala haitangulizi damu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo yule anayesema "huna chako hapa" anasema uongo. Na juu ya watoto, mahakama huangalia ustawi wao kwanza, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 7 sheria inaanza na dhana kwamba ni heri akae na mama. Vitisho vingi vinavyomfunga mwanamke ndani ya nyumba havina msingi wowote kisheria. Vina nguvu kwa sababu sisi tunaojua tumenyamaza.

Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta wanawake 40 katika kila 100 wamepata kupigwa tangu walipofikisha miaka 15. Ule wa 2022 ukakuta 27. Namshukuru Mungu kwa kila mkono ulioshuka. Lakini utafiti huohuo huwauliza pia wanawake kama mume anawazuia kuonana na rafiki zao, kama anapunguza mawasiliano yao na ndugu, kama anataka kujua walipo kila wakati. Serikali inajua kwamba hayo yanapaswa kuulizwa. Kanisa haliulizi! Na naogopa, kwa dhati kabisa, kwamba yuko mwanamume aliyeweka fimbo chini kwa kuogopa polisi, akashika simu ya mke wake badala yake, na kwetu anahesabiwa kuwa ameokoka.

Nanyi wahubiri wenzangu, acheni kuanzia Waefeso 5 kwenye aya ya 22. Aya ya 21 inawataka waamini wote kunyenyekeana, mume na mke pamoja. Na aya ya 25 inamwambia mume apende kama Kristo alivyolipenda kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Kristo ndiye aliyejitoa. Hakulikagua kanisa mifuko wala hakulifungia ndugu zake mlango. Mkihubiri utii wa mke bila kuhubiri msalaba wa mume, mnampa Nabali fimbo ambayo hakuwa nayo.

Wapo pia wanaume wanaoteswa hivi na wake zao, na haya ni yao vilevile. Waje, wasichekwe.

Kwako mama unayesoma karatasi hii kwa siri: huna wazimu, wala hujakosa imani. Abigaili hakukemewa kwa kutenda bila kumwambia mumewe, bali alibarikiwa. Usimkabili mtu wako kwa hasira ya mahubiri haya, kwa maana saa ya kutaka kuondoka mara nyingi ndiyo saa ya hatari kubwa kuliko zote. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Weka kwake nakala za vyeti vya watoto, cheti cha ndoa na kadi ya kliniki. Afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huhitaji jeraha ili usikilizwe.

Na ninyi wazee wa usharika, Jumapili hii kabla hamjafunga ofisi, kubalianeni haya. Mama akija, asikilizwe peke yake, mume asiwepo, na awepo mama mwenzake. Aulizwe: unaogopa nini? Mara ya mwisho ulikwenda lini kwenu? Hela ya alizeti iko wapi? Nani anashika simu yako? Yaandikwe atakayosema, yafungiwe mahali salama, na asipelekewe mumewe hata neno moja bila ridhaa yake. Na mume akija kuuliza mke wake amesema nini humo ndani, mwambieni aketi, sasa ni zamu yake kuulizwa.